Ahadi ni Deni, Lakini Mdai ni Nani?

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima Nyiragongo ulilipuka na mbingu juu ya Goma ikawa nyekundu. Sisi wa Gisenyi tuliona watu wakivuka mpaka kwa maelfu, wengine na magodoro kichwani, wengine na watoto tu. Mjini kwetu ardhi haikutulia. Siku zilizofuata matetemeko yalipasua kuta na barabara, na Jumanne, baada ya mtikisiko mmoja mkali, niliamua kuwapeleka wanangu watatu kwa shangazi yangu upande wa Rugerero. Pikipiki hazikupatikana, tukatembea. Mdogo alikuwa na miaka mitatu, nikambeba mgongoni. Hatukuwa tumefika nusu ya mwinuko nilipolazimika kumshusha. Mtoto hakuwa mzito. Nilikuwa na kilo 91 kwa kimo cha sentimita 162, pumzi imekata, magoti hayanisikii. Binti yangu mkubwa, wakati huo mwenye miaka saba, alimpakata mdogo wake bila kuambiwa, akaendelea kupanda.

Pale njiani nilijiahidi kwamba nitapungua. Sikuahidi kwa sababu ya nguo wala picha za harusi. Niliahidi kwa sababu nilikuwa mama ambaye, siku ya kukimbia, alishindwa kumbeba mwanawe. Sidhani kuna mzazi aliyewahi kuwa na sababu nzito kuliko hiyo. Ahadi yenyewe ilidumu wiki saba.

Insha hii inahusu wiki ya nane. Ndani yake sikuamua kuacha. Mtoto wa pili aliugua malaria, shuleni ninakofundisha kulikuwa na karatasi za kusahihisha, mume wangu, ambaye ni dereva wa lori, alikuwa safarini, na masomo yangu ya wikendi yalikuwa yananidai kazi mbili zilizochelewa. Siku moja sikutembea, kesho yake pia. Siku ya nne nilikula mandazi matatu na chai ya maziwa yenye sukari, wala sikuhisi kwamba nimevunja kitu. Hilo ndilo lililonishangaza baadaye. Kama ningekuwa nimemwahidi jirani kumlipa faranga elfu tano na siku ikapita, nisingeweza kupita mbele ya mlango wake. Kwa nini niliweza kupita mbele ya kioo changu?

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumefundishwa tangu darasa la kwanza la methali kwamba ahadi ni deni. Tunaisema haraka, kana kwamba maana yake imekwisha. Lakini deni lina pande mbili, mdai na mdaiwa. Penye mdaiwa bila mdai hapana deni, pana kumbukumbu tu. Sasa mtu akijiahidi mwenyewe, nani atabisha hodi? Kiswahili chenyewe kinaonekana kulijua tatizo hili. Tuna kitenzi kujidai, na kwa umbo lake kingepaswa kumaanisha kudai nafsi yako kile inachokuwia. Lakini sote tunajua maana yake halisi: kujidai ni kujisifu, kujifanya mtu fulani. Ni kama lugha imetuonya kwamba anayesema anajidai deni, aghalabu anajionesha tu.

Thomas Hobbes, mwanafalsafa wa Uingereza, aliliona jambo hili katika kitabu chake Leviathan cha mwaka 1651. Alikuwa akizungumzia mtawala na sheria zake, si mizani na mandazi, lakini hoja yake inatuhusu. Mwenye uwezo wa kufunga ana uwezo wa kufungua. Kwa hiyo aliyefungwa na nafsi yake peke yake hajafungwa hata kidogo, maana anaweza kujifungua wakati wowote apendao. Katika wiki ya nane mimi nilikuwa mdaiwa, na mimi nilikuwa mdai, na mdai alikuwa mwema mno. Alisema: "Umechoka, mwanangu yuko hospitalini, nimekusamehe." Deni likafutwa kihalali kabisa.

Wengine wataniambia kwamba nilikosa maarifa tu. Ndivyo Sokrates anavyosema katika maandishi ya Plato yaitwayo Protagoras: hakuna mtu anayelijua jema kwelikweli kisha akafanya baya kwa hiari yake. Ningependa Sokrates aje jikoni kwangu saa tatu usiku. Watoto wamelala, sahani zao ziko mezani, na kwenye kila sahani kuna viazi viwili vilivyoachwa. Najua kwamba nimeshiba. Najua kwamba viazi vile vinaweza kuhifadhiwa au kupewa kuku. Navila nikiwa nimesimama, bila njaa na bila furaha. Aristotle alikuwa karibu zaidi na jikoni langu. Katika kitabu cha saba cha Maadili kwa Nikomako anasema kwamba mtu anaweza kuwa na maarifa kama mlevi anavyokuwa na mashairi: anayakariri vizuri, lakini wakati huo hayamwongozi. Saa tatu usiku mzazi aliyechoka huwa katika hali hiyo. Anakariri tu.

Ni haki pia kusema kwamba si kila kitu ni tabia. Mwili ukipungua uzito hujitetea. Homoni za njaa hupanda, na mwili wenyewe huanza kutumia nishati kidogo kuliko mwanzo, ndiyo maana kilo za kwanza huondoka upesi na zinazofuata hugoma. Mtu asiyelijua hili hujiita mvivu katika mwezi ambao kwa kweli anafanya kazi kubwa zaidi. Ukiongeza usingizi mfupi wa mzazi, ambao nao huchochea njaa, utaona kwamba mshindani hapigani katika uwanja ulio sawa. Natamani hili lifundishwe kabla ya methali yoyote kuhusu bidii.

Kwa kuwa sikuweza kujidai mwenyewe, nilitafuta mdai mwingine, na wazazi wote huwatafuta wadai walewale: watoto. Mwaka 2023 nilianza tena, na safari hii nilisema ninafanya hivyo kwa ajili yao. Mwaka huo ulikuwa mwepesi kidogo kwetu, kwa sababu tangu Januari 2023 shule nchini zinaanza saa 2:30 asubuhi na kufungwa saa 11:00 jioni, na saa za kazi za ofisini nazo zilisogezwa mbele, lengo mojawapo likiwa familia zipate nafasi asubuhi. Nilipata karibu saa moja ambayo zamani haikuwepo. Nikawa naamka, nawaacha watoto wakiwa bado wamelala, nateremka hadi barabara ya ufukweni mwa ziwa Kivu, nageuza karibu na mpaka, narudi.

Lakini mdai akiwa mtoto, saa yenyewe nayo ni yake. Kila dakika niliyotembea nilisikia kwamba nimeiiba. Mdogo aliamka siku moja akanikosa akalia, na mama mkwe, aliyekuwa ametutembelea, aliniambia kwa upole: "Mwanangu, mama hukimbilia watoto, hakimbii peke yake barabarani." Hakusema vibaya. Katika malezi aliyoyapata, mwili wa mama una kazi moja, kubeba na kulisha, na mama anayeutunza kwa saa moja anaonekana kama anayekula chumbani akiwa amefunga mlango. Nikajikuta nalipa deni kwa mkono mmoja na kukopa kwa mkono mwingine.

Tena kuna macho ya watu. Katika eneo letu la Maziwa Makuu unene umekuwa heshima kwa muda mrefu. Mwingereza John Hanning Speke alipofika Karagwe mwaka 1861, katika ikulu ya mfalme Rumanika, aliwakuta wanawake walionenepeshwa kwa maziwa, naye hakuona haya kuchukua utepe akampima mmoja wao. Baadaye historia ikatupa sababu nyingine ya kuogopa kukonda. Katika miaka ya 1980 kule Rakai, Uganda, ukimwi ulipoanza kuua watu kabla dawa hazijapatikana, wananchi waliuita Slim, yaani wembamba. Kwa hiyo ukipungua kilo sita Gisenyi, usishangae shemeji akikuvuta pembeni kukuuliza kama umepima, au kama mume wako anakupa matumizi. Aliyenenepa huambiwa maisha yamemkubali. Mtu anayetaka kudumu katika jambo hili hapigani na mandazi tu, anapigana na pongezi pia.

Hata hivyo si mama mkwe wala mashemeji waliovunja jaribio la pili. Alilivunja binti yangu.

Ilikuwa mwaka 2024, naye amefikisha miaka kumi. Usiku mmoja aliisukuma sahani yake ya viazi na maharage akasema ameshiba. Usiku wa pili vilevile. Usiku wa tatu nilimkuta chumbani kwangu amesimama juu ya mizani yangu, amevua hata viatu na sweta ili apunguze. Nikamuuliza anafanya nini. Akanijibu bila kunitazama: "Mama, wewe ukipanda hapa ukashuka huwa umenuna mpaka jioni. Sitaki uninunie mimi kama unavyojinunia." Kisha akaongeza kwamba ningekula vizuri kama yeye asingekuwepo, kwa sababu nilikuwa nimesema nafanya yote haya kwa ajili yao.

Nilikaa kitandani, sikuwa na la kumwambia. Nilikuwa nimewafanya watoto wangu kuwa wadai bila kuwauliza, na mmoja wao alikuwa amepokea cheo hicho kwa uzito wote. Mtoto aliyeambiwa kwamba yeye ndiye sababu ya mateso ya mama yake hawezi kufurahia mama akifaulu wala kutulia mama akishindwa. Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Mimi nilidhani namfundisha afya. Yeye alikuwa amejifunza kwamba mwili ni kitu cha kununiwa. Wahenga wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nasi huisikia methali hiyo kama habari ya maneno na fimbo. Binti yangu alikuwa amelelewa na uso wangu nikishuka kwenye mizani.

Ndipo nilipoanza kulitilia shaka neno lenyewe, deni. Nilichukua daftari nikaandika maneno ninayoyatumia ninapozungumzia uzito wangu: kujinyima, kulipia keki ya jana, kuuadhibu mwili, kufidia Jumapili. Yote ni maneno ya mkopeshaji mkali na mdaiwa mkaidi. Aliyekula anadaiwa, aliyetembea amelipa, na kwa kuwa mtu hula kila siku, deni haliishi. Hakuna anayependa kukaa nyumba moja na mdai wake. Si ajabu kwamba hamu hukata baada ya wiki saba, maana ni muda ambao mtu anaweza kuvumilia kudaiwa kabla ya kuanza kujificha.

Kiswahili kina neno jingine, na nililikumbuka kwa sababu ya bibi yangu. Nilipokuwa msichana mdogo, mama mmoja jirani alihamia Bukavu, akamwachia bibi cherehani yake ya miguu. Alimwambia: "Itumie, lakini nitakuja kuichukua." Ilikaa kwetu miaka sita. Bibi aliishonea nguo zetu na za majirani, na kila mwezi aliitia mafuta, akaipangusa vumbi, akaifunika kitambaa. Kuna miezi alikuwa mgonjwa na mafuta yakachelewa. Kuna mwaka mkanda ulikatika akakaa muda mrefu bila pesa ya kununua mwingine. Sikuwahi kumsikia akisema kwamba leo ana hamu ya kuitia mafuta au hana. Wala hakuinunia mkanda ulipokatika. Mwenyewe aliporudi aliketi, akatia uzi, akakanyaga, ikashona. Bibi aliiita amana.

Deni na amana vinafanana kwa jambo moja: vyote vinatufunga kwa mtu mwingine. Lakini vinatofautiana kwa mambo matatu, na nadhani swali langu lote limo ndani ya tofauti hizo.

Kwanza, deni hulipwa likaisha, amana hutunzwa. Anayepunguza uzito kama mlipa deni huwaza siku ya mwisho, ile kilo ya 70 ambapo atakuwa huru. Akiifikia huacha, na uzito hurudi. Akiona iko mbali mno huacha mapema zaidi. Mtunza amana hana siku ya mwisho ya kuisubiri. Ana mwezi huu na mafuta yake.

Pili, deni linaweza kusamehewa na mdai, na hapo ndipo Hobbes aliponishika. Lakini mwenye amana yangu ni nani? Wenye dini watasema ni Mungu, nami sikatai. Ila hata asiyetaka kwenda huko ana jibu. Mwanafalsafa Derek Parfit, katika kitabu chake Reasons and Persons cha mwaka 1984, anatoa mfano wa kijana anayeanza kuvuta sigara huku akijua kwamba huenda akateseka sana miaka hamsini baadaye, na hajali. Parfit anatutaka tuone kwamba kijana huyo anamtendea yule mzee atakayekuwa kama vile mtu anavyomtendea mtu mwingine, na kwamba kosa lake linaanza kufanana na kosa la kumdhuru jirani. Mimi nina mwanamke wa miaka sitini ambaye atayatumia magoti haya. Ni yeye aliyeniambia: itumie, lakini nitakuja kuichukua. Siwezi kujisamehe kwa niaba yake, kwa sababu hayupo hapa kunisamehe. Mfungaji na mfungwa si mtu mmoja tena, na fundo la Hobbes halifunguki kwa urahisi ule wa wiki ya nane.

Tatu, mdaiwa anawiwa kiasi kilekile hata kama nyumba imeungua. Mtunza amana hahukumiwi hivyo. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo iliyotupa neno hili, wanafundisha kwamba aliyepewa amana halipi kilichoharibika bila uzembe wake. Hili lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana. Maana yake mizani si hakimu. Mtu anaweza kunenepa kwa sababu ya dawa, uzazi au maumbile ya ukoo wake na asiwe amefanya hiana yoyote, na mwingine akawa mwembamba kwa sababu ya sigara na hasira.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu bila hatua hii hoja yangu ingekuwa ya watu wenye nafasi. Kila asubuhi katika mpaka wa Petite Barrière, kina mama wa Rubavu na wa Goma hupita kwa maelfu wakiwa na mizigo ya viazi, nyanya, mboga na unga kichwani. Wanatembea kuliko mimi nitakavyowahi kutembea, na hakuna anayewaita wanamichezo. Wengi wao hawachagui chakula, wanakula kilichobaki. Nikija na daftari langu la falsafa kumwambia mmoja wao autunze mwili wake kama amana, ana haki ya kuniuliza nani alimpa mafuta ya kuutia. Amana inamdai mtu kwa kadiri ya alichonacho. Na kama mji unataka watu wake watunze miili yao, nao una sehemu yake: njia za miguu, maji safi, wakati. Kigali ilianza siku za barabara bila magari mwaka 2016, na katika siku hizo watu hufanya mazoezi pamoja na kupimwa sukari na shinikizo la damu bila malipo. Wazo hilo linakubali kwamba anayetembea hatembei kwa nia yake peke yake. Tunapenda kusema penye nia pana njia. Nimekuja kuamini kwamba mara nyingi penye njia ndipo nia hupata pa kukaa.

Mwenzangu mmoja wa darasa aliposoma rasimu ya insha hii aliniuliza kama sijabadilisha neno tu. Je, mandazi hayatakuwa matamu vilevile saa tatu usiku, liwe deni au amana? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba yatakuwa matamu vilevile, lakini asubuhi yake itakuwa tofauti. Mdaiwa aliyeshindwa hujificha, naye akijificha siku tatu amekwisha. Mtunza amana aliyesahau mafuta mwezi uliopita hutia mafuta mwezi huu. Udumifu, nijuavyo mimi, haujengwi na siku nzuri. Unajengwa na jinsi mtu anavyoamka baada ya siku mbaya, na mtu huamka vyema zaidi kama hakuna anayemsubiri na kitabu cha madeni.

Kwa mzazi mwenye shughuli nyingi jambo hili lina upande wa vitendo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na katika mwongozo wake wa mwaka 2020 liliondoa sharti la zamani kwamba lazima ziwe vipindi vya dakika kumi au zaidi. Dakika yoyote inahesabiwa. Habari hiyo ilinifaa kuliko mahubiri mengi, maana mzazi hana saa nzima, ana vipande. Sasa nawapeleka watoto shuleni kwa miguu badala ya pikipiki, na saa niliyodhani naiiba kwao imekuwa yao na yangu. Nakula nikiwa nimeketi pamoja nao, sahani yangu imepakuliwa kama zao, na mabaki yanafunikwa kabla hawajalala, kwa sababu najua mlevi wa Aristotle huja saa tatu. Jumapili napanda na jirani yangu mmoja. Asubuhi ambazo sina hamu hata kidogo, na ni nyingi, natoka kwa sababu yeye yuko mlangoni. Mizani niliitoa nyumbani. Napimwa kituo cha afya, mara moja kwa miezi kadhaa, pamoja na shinikizo la damu, ambalo ndilo hasa muuguzi alilonionya.

Msomaji atataka kujua matokeo, nami sitaki kuyaficha wala kujidai. Baada ya jaribio la pili kuvunjika nilifika kilo 93. Leo nina 84. Desemba iliyopita zilirudi mbili, kwa sababu Desemba ni harusi na mishikaki, na Februari moja iliondoka. Kwa mtu anayesoma magazeti yenye picha za kabla na baada, hiyo si habari. Kwa mwanamke wa miaka sitini anayenisubiri, nadhani ni habari.

Kuhusu binti yangu sina ushindi wa kutangaza. Tulizungumza usiku ule na mara nyingi baadaye. Nilimwambia kwamba nilikosea, kwamba yeye si sababu ya taabu yangu wala si mdai wangu, na kwamba sikuwahi kuuchukia mwili ulionipa yeye, ila uso wangu ulikuwa umesema hivyo. Alirudi kula. Lakini hadi leo, tukiketi mezani, huitazama sahani yangu kabla ya kuanza yake. Ni sekunde moja tu, mtu mwingine asingeiona. Mimi naiona, na kila jioni najibu kwa kupakua na kula, bila kununa.

Mwezi uliopita tulipanda tena njia ile ya Rugerero kumwona shangazi. Yule mdogo ana miaka saba sasa, habebeki tena, na sitapata nafasi ya kurudia siku ile ya Mei. Alitangulia na dada yake mbio. Nilipanda polepole nyuma yao, nikapumzika mara moja, si pale nilipomshusha bali juu zaidi kidogo, kisha nikaendelea.